Siku Nne za Kuyavulia Kofia Mashamba

Ninyi vijana mnaowapeleka wageni milimani kwa gari, mnaoondoka Mbamba Bay asubuhi na mchana mko Mbinga mnakunywa chai, hamwezi kujua mlima ule ulikuwa mrefu namna gani tulipoupanda kwa miguu. Siwalaumu. Gari lingekuwepo wakati wetu, hata mimi ningelipanda. Lakini kuna jambo moja ambalo halijabadilika tangu enzi za Mwingereza. Mgeni akifika mahali asipopajua huuliza, na anayemwongoza humjibu. Nataka kuwasimulia jibu moja nililolitoa mimi, Anania wa Lundo, na jinsi lilivyonifuata hadi nikashika jembe la kike.

Upagazi niliuanza nikiwa na miaka ishirini na kitu. Meli ilishusha mizigo ufukweni, nasi tukaipandisha: mabati ya misheni, chumvi, vitabu, mashine za kushonea, na siku moja kengele ya kanisa iliyobebwa na watu wanane, ambayo ililia yenyewe njia nzima mpaka tukaiziba mdomo kwa nyasi. Mnyapara wetu alikuwa Mzee Mahundi, Mmpoto wa Kingerikiti, mtu mfupi asiyependa maneno. Alinifundisha kwamba ngata ya majani mabichi ya mgomba huteleza, kwa hiyo tafuta yaliyonyauka. Alinifundisha nisimfuate kwa karibu aliye mbele yangu kwenye mwinuko, maana akianguka yeye tutaanguka wawili. Na alinikataza kabisa kumwambia mgeni kwamba tumekaribia. Mgeni akiambiwa amekaribia, alisema, miguu yake hufika kabla yake, na kuanzia hapo utambeba yeye pamoja na mzigo.

Wageni wengi walikuja na milima yao tayari kichwani. Karani mmoja kutoka pwani alikuwa ameambiwa kwamba Nyasa ni joto, basi akapanda na kanzu nyepesi na ndara, bila blanketi. Siku ya pili huko juu nilimkuta amevaa gunia la chumvi, amelitoboa matundu ya mikono, anaandika barua zake meno yakigongana. Mchuuzi mwingine alisikia kwamba watu wanaolima kwenye miteremko mikali vile lazima wawe na njaa, akabeba unga wa muhogo akawauzie. Alikuta maghala yamejaa mahindi. Wamatengo, wenyeji wa huko juu, walimsikitikia, wakamlisha siku tatu, akashuka na unga wake wote na maharage juu.

Sisi wa ufukweni tulicheka, lakini hatukuwa na nafuu. Mama yangu aliamini mpaka uzee wake kwamba milimani nguo hazikauki. Alisema pia kwamba Wamatengo wanalala mapangoni, kwa sababu zamani babu zao walijificha mapangoni wakiwakimbia Wangoni. Zamani hiyo ilikuwa imepita, ila mama hakuwa ameambiwa. Nami niliyapokea hayo yote kama nilivyopokea ugali.

Sasa nije kwenye habari yangu. Mwaka mmoja, masika yakielekea mwisho, alishuka melini Mwingereza mpima ardhi. Serikali ilitaka barabara ya motokaa ifike kwenye kahawa ya milimani. Alikuja na darubini ya miguu mitatu, masanduku ya ramani, na mnyororo mrefu wa kupimia, kwa hiyo kabla jua halijazama watu wa Mbamba Bay walikuwa wamekwisha kumwita Bwana Mnyororo. Kiswahili alikijua, ingawa alikisema polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alikuwa mpole na mwenye adabu, akawaamkia wazee hata pale ambapo wenzake wasingewaamkia.

Aliuliza nani anaijua njia ya Kitura, huko juu kwenye kahawa, na watu wake. Nikasema mimi. Kimatengo nilikuwa nacho cha kutosha, nilichojifunza kwa kuuza dagaa sokoni. Njia niliijua mpaka Kingerikiti. Kutoka hapo nilikuwa nimepanda mara mbili tu, kichwa chini, mzigo utosini, nikitazama visigino vya mwenzangu. Lakini kiongozi hutembea bila mzigo, vijana, na shingo yangu ilikuwa imechoka. Nikamwambia kwamba milima ile naijua kama kiganja changu. Mzee Mahundi alinitazama, akaenda kukaza kamba za masanduku.

Siku ya pili tulipita Kingerikiti, tukapanda ukingo wa kwanza, na ukungu ukafunguka. Ng'ambo ya bonde palikuwa na kilima kizima, kikali kama paa la nyumba, nacho kimejaa mashimo. Si kumi wala mia. Yalipangwa kwa mistari kutoka kileleni mpaka kijitoni, kila shimo na tuta lake pande zote, mengine yamechimbwa juzi juzi tu, udongo bado mwekundu. Bwana Mnyororo akasimama. Akaniuliza mashimo yale ni nini.

Sikujua. Nilikuwa nimeyaona kwa mbali miaka mitatu bila kumuuliza mtu. Ningeweza kusema sijui, neno lenyewe ni fupi. Lakini nilikuwa kiongozi kwa siku mbili tu, nikaona aibu. Nikasema, "Makaburi, bwana. Ya watu wa vita vya zamani."

Akavua kofia. Alisimama hivyo kitambo, upepo ukimpeperusha nywele, kisha akafungua ramani yake akaandika. Nilipoiona kalamu ile nilitaka kujisahihisha, ila tulikuwa na safari.

Uongo ungekuwa wa kilima kimoja, ningeuzika palepale. Shida ni kwamba nchi ya Wamatengo yote imelimwa namna ile. Tukizunguka kona, kilima kingine, mashimo mengine, na Bwana Mnyororo anavua kofia. Aliniuliza ni vita gani vilivyoua watu wengi hivyo. Nikasema vikubwa. Kilima cha tatu kilikuwa na mahindi yaliyosimama juu ya matuta, yanakaribia kubeba. Akauliza kwa sauti ya chini mbona makaburi yana mahindi. Nikamwambia ni desturi ya huku, marehemu hawaachwi na njaa. Aliliandika hilo pia. Wapagazi wawili waliowahi kuishi milimani wakashindwa kutembea. Waliketi chini wakisingizia miiba, mabega yakiwatikisika.

Jioni hiyo Mzee Mahundi alinijia nilipokuwa nakoka moto. Alisema amesikia kwamba tumepita makaburini. Nikamwomba anisaidie kumweleza bwana. Akakataa. Aliniambia, "Ulikipika peke yako, utakipakua peke yako. Ila usichelewe, kitaungua."

Nikachelewa. Kila asubuhi nilisema leo, na kila asubuhi Bwana Mnyororo alinisifu kwa jinsi nilivyoijua nchi. Sifa ni tamu, msidanganyike. Mtu anayesifiwa kwa asichokijua ni kama aliyevaa koti la kuazima: halimkai, lakini hataki kulivua.

Siku ya tano tukafika Kitura, naye akaanza kupima. Njia ilitakiwa kupita kwenye bega la kilima kimoja kirefu. Kilima chenyewe kilikuwa na mashimo, tena mengi. Chini yake, kwenye tambarare ndogo, palikuwa na boma la mjane mmoja aliyeitwa Mama Osmunda: nyumba tatu, ghala, mikahawa kama sitini, na kisima cha maji mazuri. Bwana Mnyororo alitazama juu, akatazama chini, akafikiri. Kisha akaamuru vigingi vipigwe chini, katikati ya boma. Alinieleza sababu, na alinieleza kwa moyo safi, ndiyo maana iliniumiza. Alisema nyumba hujengwa upya na serikali itamlipa mama, lakini wafu hawa hawana wa kuwasemea, yeye hatapitisha motokaa juu yao.

Vijana wakapiga vigingi. Kimoja kiliingia mlangoni mwa ghala, kingine kati ya mikahawa.

Mama Osmunda alitoka shambani na jembe begani. Alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, msalaba mdogo shingoni, miguu imepakwa udongo mpaka magotini. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, akauliza vijiti vile ni vya nini. Nikamweleza. Hakupiga kelele. Alitembea kutoka kigingi hadi kigingi akivihesabu, kisha akauliza kwa nini bwana asipite kule juu mlimani, ambako hakuna mtu anayelala.

Nikamjibu kwamba bwana bado anafikiri. Nikamgeukia bwana, nikamwambia kwamba mama amesikia. Siku ile nilisema maneno mawili kwa watu wawili, na yote hayakuwa na kitu ndani.

Baada ya chakula cha mchana nilimwona akitoa vikapu vya maharage ghalani na kuvipanga uani, kimoja kimoja, kama mtu anayehama. Nikaenda kumsaidia. Tulipomaliza aliingia kwenye mikahawa, akainama karibu na kile kigingi, akaanza kung'oa magugu. Nikadhani anasafisha kahawa. Niliposogea nikaona mawe yamepangwa kwa urefu wa mtu, na kwenye kichwa chake msalaba wa mti uliokwisha kupauka kwa mvua.

Nikamuuliza ni nani.

"Baba Osmunda," alisema. "Alifanya kazi Tanga, kwenye mkonge, miaka sita. Alirudi na kikohozi. Mikahawa hii aliipanda mwenyewe, akasema nimzike ndani yake." Akatupa magugu pembeni. "Muulize bwana kama naweza kumhamisha kabla ya motokaa. Sijui sheria yao."

Vijana, nimebeba kengele ya kanisa mlimani. Haikuwa nzito kama swali lile.

Mzee Mahundi alikuwa amekaa juu ya sanduku karibu na mnyororo, ameona yote. Nilipopita mbele yake alisema bila kuinua macho kwamba makaburi yangu sasa yanataka kufukua la kweli. Nilikwenda moja kwa moja alikokuwa Bwana Mnyororo, anachora, nikavua kofia yangu.

Nikamwambia yale si makaburi. Nikamwambia sijui ni nini hasa, ila ni mashamba, watu wanalima humo, na nilisema makaburi kwa sababu niliona aibu kusema sijui. Nikamwambia kwamba kaburi la kweli liko kwenye mikahawa, kando ya kigingi chake. Niliyasema yote bila kupumua, maana ningepumua ningepunguza.

Aliiweka kalamu chini. Uso wake ulibadilika rangi, nami nikaanza kufikiria njia ya kurudi Lundo peke yangu. Mwisho akaniuliza, "Kwa hiyo nimeyavulia kofia maharage siku tatu?"

Nikasema, "Siku nne, bwana. Na mahindi."

Mzee Mahundi aligeuka upande akakohoa. Bwana Mnyororo alimtazama, akanitazama mimi, na mdomo wake ukatetemeka kama wa mtu anayekataa kucheka. Hakucheka. Alinyanyuka akaenda mpaka kwenye mikahawa, akasimama mbele ya mawe yale, na safari hiyo kofia ilivuliwa mahali pake. Kigingi aliking'oa kwa mkono wake. Kisha akanihukumu. Alisema mimi si kiongozi tena mpaka niweze kumweleza shimo moja, tangu mwanzo wake hadi mwisho, na mwalimu wangu atakuwa mwenye shamba.

Hivyo ndivyo nilivyopewa jembe. Mama Osmunda, nilipomweleza kosa langu, alilichomeka jembe lake ardhini. Nilidhani atanitukana, na alikuwa na haki. Akasema tu, "Njoo kesho asubuhi, baba. Uje bila viatu."

Shamba lile linaitwa ngoro. Mwanamume hufyeka nyasi, akaziacha zikauke, kisha akazilaza kwa mistari inayokatana, mpaka kilima kinakuwa na miraba kama kitambaa cha meza. Hapo kazi yake imekwisha. Mwanamke huingia katikati ya mraba, huchimba, na udongo huutupa juu ya nyasi pande zote nne. Katikati linabaki shimo, pembeni matuta, na ndani ya matuta nyasi zinaoza polepole na kuulisha udongo. Maharage hupandwa juu ya tuta palepale, mahindi mvua zijazo. Kwa kuwa kuchimba ni kazi ya wanawake, majirani zake walikuja wote kunitazama. Waliniuliza kama kwetu ziwani wanawake ndio wanaovua. Mashimo yangu mawili ya kwanza yalikuwa yamepinda, Mama Osmunda akayafukia akaniambia nianze upya. Kufika saa sita viganja vyangu vilikuwa na malengelenge, mimi niliyejiona mtu wa kazi ngumu.

Nilimuuliza kwa nini asilime matuta marefu ya kawaida, ni rahisi zaidi. Alitazama mawingu yaliyokuwa yakikusanyika juu ya Kitura, akasema nisubiri kidogo, mwenye jibu anakuja.

Mvua ilianza saa nane, mvua ya milimani isiyotangulizwa na manyunyu. Tuliposimama chini ya kibanda cha shambani, Bwana Mnyororo naye alipanda akitiririka maji, maana alitaka kuniona nikiteseka. Mama Osmunda akatuonyesha kwa kidole. Maji yaliingia kwenye shimo la juu, yakajaa, yakatulia humo, yakaacha matope yake, kisha yakamwagikia taratibu kwenye shimo lililofuata, na lililofuata. Kilima kizima kilikuwa kinakunywa. Kando yake palikuwa na kijia nilichokikata mimi asubuhi, kilichoshuka moja kwa moja ili nisizunguke. Kilikuwa kimegeuka mto mwekundu. Kilibeba udongo na nyasi, huko chini kikazoa vigingi viwili vya serikali, kikavipeleka mpaka uani mwa Mama Osmunda.

Bwana Mnyororo alitazama vigingi vyake vikielea. Akaniambia nimuulize mama, kama angekuwa yeye anatengeneza barabara, angeipitisha wapi.

Nikauliza. Akaonyesha juu, kwenye mgongo wa kilima, ambako hapakuwa na ngoro wala nyumba, miamba na nyasi fupi tu.

"Maji hayapandi mgongo," alisema. "Ukipita kule, mvua itashuka kushoto na kulia, na wewe utabaki mkavu. Watu wetu hupita kule tangu zamani. Hukuona njia?"

Hatukuwa tumeiona, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuliza.

Kupima upya mgongoni kulichukua siku sita. Njia ilirefuka, wapagazi walinung'unika, na watu wa boma wangelazimika kupandisha kahawa yao mpaka juu. Mama Osmunda alisema kupandisha kahawa ni kazi anayoijua. Jioni ya mwisho Bwana Mnyororo aliniita na kuniomba nimweleze ngoro. Nikamweleza tangu kufyeka hadi kuoza kwa nyasi, na aliponiuliza shamba hupumzishwa baada ya mavuno mangapi, nikasema, "Sijui, bwana. Twende tukaulize." Akanirudishia uongozi palepale. Mzee Mahundi naye, ambaye hakuwa amenisifu hata siku moja, alinipa kipande cha nyama kutoka kwenye sahani yake.

Nilifanya kazi ile mpaka malori yalipotuondoa njiani, na katika miaka yote hiyo "sijui" ndilo neno lililonipa heshima zaidi. Mgeni ukimwambia hujui kisha ukampeleka kwa anayejua, amefika kweli. Ukimpikia jibu, umemzungusha tu. Na msidhani ni wageni kutoka mbali peke yao wenye milima kichwani. Kila mtu anayo ya jirani yake.

Baada ya mavuno ya mwaka ule Mama Osmunda alishuka Lundo. Nilikuwa nimemkaribisha kwa adabu tu, sikutegemea angekuja. Alitembea siku tatu na kikapu cha maharage kichwani na zawadi ya kahawa kwa mama yangu. Mama alimpokea kwa shangwe, akamkalisha, na jambo la kwanza alilofanya ni kuligusa vazi lake kwa siri kuona kama ni bichi. Lilikuwa kavu. Mama akanitazama kwa mshangao, nami nikatazama pembeni.

Asubuhi yake tukampeleka ziwani. Maisha yake yote alikuwa ameliona kwa mbali, siku za jua, likimetameta huko chini, lakini hajawahi kuligusa. Alisimama akitazama wanawake wakiogesha watoto na kuchota ndoo. Akamuuliza mama yangu maji ya kunywa tunayatoa mto gani. Mama akasema tunakunywa haya haya. Mama Osmunda hakuamini. Marehemu mumewe alimwambia kwamba maji makubwa yote ni ya chumvi, aliyaonja mwenyewe Tanga.

Alikunja nguo, akaingia mpaka magotini, akachota kwa kiganja, akaonja kwa ncha ya ulimi. Kisha akachota tena, akanywa yote.

"Kumbe," alisema. "Miaka yote hii kila nikilitazama ziwa nilikuwa nawaombea. Nilijua mnakufa kiu."

Mama yangu alikaa chini mchangani kwa kicheko. Alipopata pumzi alimwita mgeni wake aketi karibu, akaanza kumweleza, neno kwa neno, habari ya nguo zisizokauka na watu wa mapangoni, na wale wanawake wawili wakacheka mpaka chai ya asubuhi ikapoa.